Matambara Sita: Namna ya Kuitambua Kazi Safi ya Turbo na Kulasi

Nikiingia garaji, kitu cha kwanza ninachotazama ni matambara. Bango la mlangoni naliacha, na magari ya wakubwa yaliyoegeshwa uani nayaacha pia. Injini ikivuliwa manifoldi yake, milango ya hewa hubaki wazi, na mlango ulio wazi hupokea chochote: nati, mchanga, hata punje ya kakao iliyodondoka kutoka mfukoni mwa mteja. Fundi anayejua kazi huziba kila tundu mara tu anapolifungua. Anayejua zaidi huhesabu vizibo vyake na kuandika idadi kwa chaki mahali ambapo hawezi kukosa kuiona. Wapo wanaokata vifuniko kutoka kwenye kidumu cha manjano, kila kifuniko na tundu lake, kwa kuwa tambara nalo humezwa. Nimewahi kuona nati moja, ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, ikitafuna feni ya turbo mpya gari likiwa bado halijatoka uani.

Kwa hiyo nikikuta injini imelala wazi kama sufuria jikoni, nati za kichwa cha injini zikiwa zimetawanyika kwenye vumbi na wanagenzi wakipita juu yake na machepe, nasalimia kwa heshima, nauliza habari za watoto, kisha naenda zangu.

Hapa Mangina gari halisifiwi kwa mbio. Linasifiwa kwa magunia. Kakao inatoka upande wa Makeke na Biakato, inapita kwetu, inateremka na kupanda kilomita kama 30 hadi Beni, na kutoka Beni njia inagawanyika: kulia kwenda Butembo, mbele kwenda mpaka wa Kasindi na Uganda. Gari linalobeba maisha hayo, ukiacha pikipiki na Fuso, ni Land Cruiser yenye injini ya 1HZ. Ni silinda sita, lita 4.2, haina turbo, haina kompyuta, na Toyota wameitengeneza tangu mwaka 1990. Ni injini ya mtu mvumilivu. Itakufikisha, lakini kwenye mlima wenye matope ya Novemba itakufikisha kwa gia ya pili huku wapita njia wakikusalimia na kukuacha.

Halafu kuna hewa yenyewe. Mangina iko chini, ukingoni mwa msitu. Beni iko mita elfu moja na ushei juu ya bahari. Butembo imekaa juu zaidi, kwenye vilima vya baridi. Kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi, na ukifika mita 1,700 injini inavuta pumzi ambayo uzito wake umepungua karibu moja ya sita ukilinganisha na pwani ya Mombasa. Dereva wetu akipanda Butembo na mzigo, anaona kwenye kioo moshi mweusi ambao nyumbani haukuwepo. Anadhani gari limeugua. Halijaugua: pampu inamimina mazuti, yaani dizeli, kiasi kile kile, hewa ya kuyachoma ndiyo imepungua.

Dawa ni kuisukuma hewa iingie kwa nguvu, na dawa hiyo ni ya zamani. Ndugu wawili wa Marekani, Philander na Francis Roots wa Connersville, Indiana, walisajili mwaka 1860 kipulizia chao chenye rota mbili zinazozungukana kama watu wanaocheza bila kugusana. Baadaye watu wa magari wakakifunga kwenye injini, kikazungushwa kwa mkanda, kikaitwa supachaja. Mswisi Alfred Büchi akasajili mwaka 1905 wazo la kutumia moshi unaotoka, ambao tayari umelipiwa, kuzungusha feni inayosukuma hewa inayoingia. Hiyo ndiyo turbo. Watu wa Afrika Mashariki waliiona ikithibitishwa mbele ya macho yao: Toyota Celica ya turbo ilishinda Safari Rally nchini Kenya mara tatu mfululizo, 1984, 1985 na 1986, kwenye nyanda ambazo hewa yake ni nyepesi kama ya Butembo.

Tangu hapo kila kijana anataka filimbi. Gari likipanda kutoka upande wa mto likipiga mluzi, watoto wa Mangina husimama na kusema, "Turbo hiyo!" Mimi nami husimama, lakini nasikiliza kitu kingine. Mluzi mkali unaopanda na kushuka mara nyingi ni hewa inayovuja kwenye mpira uliofungwa vibaya, au feni inayokaribia kusugua nyumba yake. Turbo iliyokaa sawa huimba chini chini. Debe tupu ndilo hutika.

Turbo yenyewe hununuliwa. Anaweza kuinunua mtu yeyote mwenye pesa, Dubai, Kampala au hapa hapa Butembo kwenye maduka ya vipuri. Ufundi uko kwenye viungo, pale kipande kimoja kinapomkabidhi mwenzake hewa: kutoka filta kwenda feni, kutoka mpira kwenda manifoldi, kutoka manifoldi kwenda kulasi, kutoka kulasi kupita chini ya supapu na kuingia kwenye silinda. Hewa hupotelea humo. Na kiungo hakina mahali pa kuandika jina la kiwanda, kwa hiyo kina jina la fundi peke yake.

Neno kwanza kuhusu maneno. Sisi tuliofundishwa ufundi kwa Kifaransa tunasema kulasi na supapu. Ukivuka Kasindi, muuza vipuri anakuuliza kama unataka hedi au vali, na Mtanzania atasema silinda hedi. Nimeshuhudia mtu akirudi kutoka Kampala na gasketi ya kitu ambacho hakukitaka kwa sababu ya aibu ya kuuliza mara mbili. Chukua kipande chako cha zamani mkononi, uende nacho.

Tuanze na kulasi, maana hapo ndipo pesa nyingi huharibiwa kwa nia njema. Kazi ya kuchimba njia za hewa inaonekana rahisi: unachukua grainda ndogo yenye kichwa kirefu, unaingia kwenye mlango, unapanua, unapiga msasa hadi mlango ung'ae. Mteja anachungulia, anajiona sura, anatoa pesa. Lakini njia ya hewa si sufuria. Mng'ao wa kioo kwenye mlango wa kuingilia hewa wa injini ya mazuti ni pambo la harusi: haudhuru, hausaidii. Kwenye injini ya petroli ya kabureta unaweza hata kudhuru, kwa sababu ukuta wenye ukwaru kidogo huyazuia matone ya petroli yasitambae kama jasho. Kung'arisha kuna maana upande wa moshi, ambako masizi hushindwa kushika ukuta laini. Fundi aliyeng'arisha upande wa kuingilia na kuuacha upande wa moshi na makovu ya kiwandani amekufanyia kazi ya macho.

Mzee mmoja wa Butembo, ambaye mikono yake imepoteza alama za vidole kwa miaka ya msasa, alinifundisha kuhukumu njia ya hewa bila kuitazama. "Funga macho, mwanangu," aliniambia, "macho yanadanganywa na taa." Ukiingiza kidole, unatafuta mambo matatu. La kwanza ni ngazi: pale manifoldi inapokutana na kulasi, ukucha usikwame ukienda upande ambao hewa inaenda. Ngazi ya kushuka inasameheka, maana maji yakiteremka ngazi hayaumii. Ngazi ya kupanda ni ukuta. Ndiyo sababu fundi mjanja huacha mdomo wa kulasi uwe mpana kwa unywele kuliko mdomo wa manifoldi ya kuingizia, na upande wa moshi hufanya kinyume, manifoldi ndiyo ipanuliwe kidogo. Gasketi ikikazwa inaweza kusogea, naye ameshaliwazia hilo.

La pili ni kona ya ndani. Njia ya hewa inapinda kabla ya kufika kwenye supapu, na kona fupi ya chini ndipo hewa hukata tamaa. Fundi mchanga huichimba kona hiyo kwa sababu grainda inafika kwa urahisi. Anaondoa nyama mahali pasipotakiwa, kona inakuwa kali, na hewa inaruka badala ya kuifuata. Kona nzuri ni ya mviringo, kidole kinateremka juu yake kama juu ya goti la mtoto. La tatu ni chungu, nafasi iliyo chini tu ya kiti cha supapu. Sentimita moja na nusu hivi kuzunguka hapo hubeba faida kubwa kuliko njia yote iliyobaki. Nikikuta fundi ametumia siku nzima hapo na nusu saa kwingine kote, natabasamu kabla hajanitajia bei.

Baada ya kidole, omba bomba la sindano. Lile la famasi, kubwa, lisilo na sindano. Kulasi ikiwa imelazwa, supapu zimefungwa, fundi anajaza mafuta ya taa kwenye njia moja hadi ukingoni huku akihesabu vipimo, halafu ya pili, hadi ya sita. Idadi zote zikaribiane. Silinda sita ni ndugu sita wanaovuta kamba moja. Mmoja akipewa hewa zaidi na mwingine kidogo, yule wa kidogo atachoka na kutoa moshi, na utailaumu injekta bure. Nimeona kulasi zilizochimbwa kwa ubora wa kuvutia kwenye mlango wa kwanza na wa pili, na kwa uvivu kwenye wa tano na wa sita, kwa sababu jua lilikuwa linazama na umeme haupo. Mafuta ya taa hayaoni giza.

Mafuta hayo hayo yakiachwa humo dakika kadhaa yanafanya kazi ya pili. Geuza, tazama upande wa chumba cha moto: supapu isilie. Hata unyevu wa mduara tu ni kosa. Na kabla ya hapo, kama fundi ana subira nawe, mwombe penseli. Unachora mistari midogo kuzunguka kiti, unaweka supapu, unaizungusha robo kwenda na robo kurudi. Ukiitoa, kila mstari uwe umekatwa. Mstari uliobaki mzima ni mahali ambapo chuma hakigusani na chuma. Pete ya kijivu inayoachwa na dawa ya kusagia iwe na upana ule ule mduara mzima, na upande wa moshi iwe pana kuliko upande wa hewa, kwa sababu supapu ya moshi hupoa zaidi kupitia hapo, kwa sehemu ndogo ya sekunde inayokaa kitini. Wapenda mbio huipunguza pete hiyo iwe uzi ili hewa ipite. Kwenye gari la kakao, uzi huungua.

Jambo linalotenganisha fundi na mwiga ni kujua injini ipi isichimbwe. 1HZ inachanganya hewa na mazuti kwenye chumba kidogo kilicho ndani ya kulasi, kwa hiyo kulainisha njia yake ya kuingizia hakuvurugi chochote. Lakini Canter yenye 4D34 inamwaga mazuti moja kwa moja juu ya pistoni, na njia yake ya hewa imepindwa kama konokono makusudi, ili hewa iingie ikizunguka. Ukiuona upindo huo ukadhani ni uzembe wa kiwanda, ukaunyoosha, utapata hewa nyingi isiyozunguka, moshi mwingi, na nguvu pungufu. Mimi huuliza swali hili kama mtego, Mungu anisamehe: "Fundi, hii ya Canter nayo utanifungulia njia?" Anayejibu "Tena vizuri sana, Papa!" nimemaliza naye. Anayejibu "Hiyo tuifanyie viti vya supapu tu" namwagizia soda.

Supachaja zenyewe ni chache kwetu. Zinazofika Butembo huwa ndani ya Mercedes zilizoandikwa Kompressor, gari la mwenye duka ambalo halitaonja matope ya Makeke. Hata hivyo, ujuzi wa kuichimba supachaja ni mtihani mzuri wa akili ya fundi, kwa sababu hapo kila unyoya wa chuma una saa yake. Supachaja ya aina ya Roots haikandamizi hewa ndani yake. Inaichota upande mmoja na kuimwaga upande wa pili, kama mtu anayebeba maji kwa ndoo. Presha inazaliwa mbele, ambako ndoo nyingi zimemwagwa mahali padogo. Ndoo isipojaa kabla ya kuondoka, umebeba hewa nusu. Kwa hiyo mlango wa kuingilia hupanuliwa, ukingo wake husogezwa mbele ili ndoo ipate muda wa kujaa mwendo ukiwa mkubwa. Mlango wa kutokea huchongwa pembe tatu, ufunguke polepole, vinginevyo hewa yenye presha inarudi kwa kishindo ndani ya ndoo na kupiga kelele na joto.

Mpaka uko wapi? Uko pale ambapo lazima pawe na muda, hata mfupi, ndoo ikiwa imefungwa pande zote mbili. Fundi akisogeza ukingo wa kuingilia mbele mno na ukingo wa kutokea nyuma mno, milango miwili inafunguka kwa pamoja, na hewa uliyoilipia inarudi ilikotoka. Gari la namna hiyo hunguruma vizuri kwenye lami likiwa tupu na kufa kwenye mlima likiwa na mzigo, kwa sababu mwendo mdogo ndio unaoipa hewa muda wa kutoroka. Mwombe fundi aizungushe rota kwa mkono na akuonyeshe muda huo wa kufungwa. Kama hajui unauliza nini, basi grainda yake haikuwa na ramani. Tena angalia rota zenyewe: zinapita karibu kwa unywele lakini hazigusani, na mikwaruzo yenye kung'aa kwenye kuta ina maana kwamba zimeshagusana. Vumbi la chuma lililobaki pembeni baada ya kuchimba linafanya kazi hiyo hiyo kwa wiki moja. Na puli ndogo iliyowekwa ili kuizungusha kwa kasi zaidi, bila kufikiria joto linaloongezeka, ni ulafi.

Turudi kwenye turbo, ambayo ndiyo mkate wetu. Ukipewa kuichagua, ishike kama unavyoshika yai. Tazama makali ya feni upande wa hewa: yawe makali na yenye mstari safi. Yakiwa ya mviringo kama kisu cha zamani cha mama jikoni, turbo hiyo imekula vumbi la kiangazi kupitia filta iliyotoboka. Sukuma mhimili ndani na nje. Usisikie kitu, kwa kuwa nafasi inayoruhusiwa hapo ni chini ya unene wa karatasi. Utikise juu na chini. Mchezo kidogo si kosa, maana turbo kavu haina mafuta ya kuubeba mhimili, lakini feni isiguse nyumba yake hata ukiilazimisha. Izungushe kwa pumzi ya mdomo. Mhimili huo utazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, kwa hiyo kasoro ambayo wewe unaiita ndogo yenyewe itaiita kifo. Za bandia hujitangaza kwa uzito na kwa mwisho wa kazi: kingo za kukatwa vibaya, herufi zilizopigwa mhuri zikipanda na kushuka, na boksi zuri kuliko turbo.

Kufunga ndiko kunakoua turbo nyingi kuliko ubandia. Bomba la mafuta linalorudi lazima literemke moja kwa moja hadi kwenye kata, bakuli la mafuta lililo chini ya injini, lisipinde kama shingo ya bata, kwa kuwa mafuta yanarudi kwa uzito wake tu. Na ukiona silikoni nyekundu imebanwa kwenye kiungo cha bomba la mafuta, omba ifunguliwe mbele yako. Silikoni iliyozidi inakatika ndani, inasafiri, inaziba tundu dogo, na turbo inakufa kwa kiu huku dereva akiapa kwamba alibadilisha mafuta juzi. Kabla ya kuwasha mara ya kwanza, fundi amwage mafuta kwenye tundu la juu na kuuzungusha mhimili kwa kidole, halafu aizungushe injini bila kuipa mazuti hadi taa ya mafuta izime. Dakika hizo mbili hazionekani popote kwenye bili. Ndizo ninazozilipia.

Jambo dogo la kwetu. Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa, na Mangina ndiyo iliyotajwa. Ilipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, ilikuwa imechukua zaidi ya watu 2,200 katika eneo hili. Katika miaka hiyo kila mlango ulikuwa na ndoo yenye bomba na maji ya klorini. Ndoo nyingi zimekwenda, lakini ziko garaji ambazo ndoo ilibaki mlangoni, na fundi hunawa kwa sabuni kabla ya kugusa bushi za turbo. Sijui kama anafanya hivyo kwa ajili ya turbo. Kwangu ni alama nzuri.

Sasa mazuti. Turbo ikiingiza hewa zaidi, injini inaomba mazuti zaidi, na kwenye pampu ya 1HZ kuna skrubu ambayo kijana yeyote mwenye spana anaweza kuigeuza. Mimi ndiye niliyelipia somo hilo. Zamani, enzi zile barabara ya Goma ilipitika, nilimpa fundi mmoja gari langu katika mji ambao sitautaja. Akafunga turbo, akageuza skrubu, tukajaribu kwenye mtelemko na tambarare, gari likaruka. Niliimba hadi Kanyabayonga. Wakati wa kurudi, nikiwa na mzigo, mlima wa Kabasha ulinikata wimbo: maji yakaanza kuchemka, mvuke mweupe ukatoka nyuma, na kulasi ilipofunguliwa ilikuwa na ufa kutoka chumba kidogo cha moto hadi kiti cha supapu. Kiwanda kilibana hewa ya 1HZ mara 22.4 kwa sababu hakikukusudia mtu aiongezee turbo. Kwa kulinganisha, ndugu yake 1HD-T, ambayo ilizaliwa na turbo, hubana mara 18.6. Kinachovunja kulasi ni joto la moshi linalokaa juu dakika kumi mfululizo mlimani.

Tangu siku hiyo sikubali turbo kwenye 1HZ bila saa mbili kwenye dashibodi: ya presha na ya joto la moshi, kipimio chake kikiwa kimetobolewa kwenye manifoldi kabla ya turbo, si baada, kwa kuwa baada ya turbo moshi umeshapoa na utakudanganya. Presha nairidhia nusu bar, si zaidi sana. Joto, nikipanda na mzigo kamili, nataka likae chini ya nyuzi 700, na likisogea huko naondoa mguu. Aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660. Pistoni inaishi kwa sababu tu inapozwa na mafuta na hewa mpya kati ya moto mmoja na mwingine. Fundi anayekuambia saa hizo ni mapambo ya Wazungu, mwulize yeye anajuaje. Wapo wanaojua kwa rangi ya moshi na kwa kuweka mkono karibu na bomba, na wazee wawili watatu ninaowaamini wanakaribia ukweli. Hata hao, wakipewa saa, huitazama.

Majaribio yafanyike kwenye mlima, na gari likiwa na mzigo. Mimi hupeleka magunia ya mchanga nikikosa kakao. Tafuta mpando mrefu, gia ya tatu, mguu chini. Moshi wa kijivu mwanzoni, kabla turbo haijaamka, unasameheka. Moshi mweusi unaoendelea juu ya mlima ni pesa yako inapaa. Ukifika kileleni, usizime. Acha injini ipumue taratibu dakika mbili tatu, mafuta yaendelee kupita kwenye mhimili uliowaka. Ukizima ghafla, mafuta yanabaki humo na kukaangika yakawa makaa. Wakati huo shuka ukague viungo kwa kiganja kilichokauka. Mpira wa hewa uliofungwa vizuri ni mkavu. Ukungu mwembamba wa mafuta kwenye kiungo una maana hewa inatoka hapo. Chukua fimbo ya mti, weka ncha moja kwenye nyumba ya turbo na nyingine mfupani nyuma ya sikio. Sauti iwe ya nyuki waliotulia, si ya nyuki waliochokozwa. Kesho yake asubuhi, injini ikiwa baridi, fungua kifuniko cha radieta uwashe: mapovu yanayopanda mfululizo yanasema gasketi ya kulasi haikukazwa kwa mpangilio, au kulasi haikuwa bapa. Rula ya chuma na kibanzi cha kupimia mwanya vingelisema hilo kabla, bure.

Bei? Nimeacha kuuliza bei mwanzoni. Nauliza siku. Kazi ya kulasi na turbo niliyoieleza hapa haitoki kwa siku mbili, na anayeniahidi kesho ananiambia pia atakachoruka. Nauliza vilevile vipande vya zamani, navyo nataka vyote: gasketi iliyotolewa, supapu zilizokataliwa, hata unga wa chuma aliouchimba, umefungwa kwenye mfuko. Unga huo una hadithi yake. Ukiwa mwingi kuliko ngumi ya mtoto, nauliza umetoka wapi.

Mara ya mwisho nilichukua gari langu Butembo siku ya Ijumaa, mvua ikianza. Fundi alikuwa amekwisha kufunga boneti. Akasita, akaifungua tena, akaita mwanagenzi wake. "Leta matambara." Kijana akayaleta kwenye beseni, meusi, yamekunjwa. Fundi akayahesabu kwa sauti juu ya meza, la kwanza hadi la sita, akatazama namba ya chaki kwenye mlango wa gari langu, akaifuta kwa kiganja.

"Sasa unaweza kuwasha, Papa."